Mkaguzi Anakuja Ijumaa

Jumatatu, 4 Machi
Barua kutoka ofisi ya elimu! Mkaguzi anakuja Ijumaa kuwatazama binti zangu wawili, tunaowasomesha wenyewe nyumbani. Asiporidhika, wiki ijayo wanarudi shuleni. Nguo imenipwaya kwa hofu. Nawapenda hawa watoto karibu nami, wakichora konokono kwenye meza yangu ya kutengenezea saa. Mama yao, mshonaji, kasema tuendelee kama kawaida. Kawaida yetu ni historia za kale, mashairi, picha moja ya kutazama wiki nzima, wadudu wa uani, hesabu. Mtoto husomewa mara moja tu, kisha asimulie alichosikia bila kuruka kitu. Kanuni ya mama yao. Mimi niliipitisha.

Jumanne, 5 Machi
Jirani, mwalimu mstaafu, kaniuliza juu ya ukuta kama kweli wanangu hushinda wakitazama mchwa. Nikamjibu kwamba ni siafu, tena wanawataja kwa Kilatini. Kilatini chenyewe sikijui. Kacheka mpaka miwani ikadondoka. Atanitambua! Kwa ajili ya mkaguzi nimeazima vitabu vinene kumi na vinne kwa wakili, mteja wangu wa saa. Vyote sheria za ardhi. Nimevifunika karatasi, nikaandika “Nyota”, “Falsafa”, “Falsafa Tena”.

Jumatano, 6 Machi
Binti mdogo, miaka saba, tunamwita Kasuku, kafungua “Nyota” akamsomea dada yake habari za mipaka ya viwanja. Dada mtu akazisimulia vizuri sana. Mke wangu kakifunga kitabu, akarudi kwenye cherehani.

Alhamisi, 7 Machi
Mama yao katoka kupeleka nguo kwa mteja. Nikawaita mabinti faraghani, nikawasomea mpango wangu: waseme wanaamka saa kumi na moja alfajiri, wanaijua mito yote ya dunia, vitabu vinene wasiviguse, na Baba akikohoa wanyamaze. Wamesikiliza kwa makini ya ajabu. Kipaji cha ualimu ninacho.

Ijumaa, 8 Machi
Mkaguzi ni mama mtu mzima, mpole, viatu vimejaa vumbi. Kamwomba Kasuku asimulie chochote alichosomewa karibuni. Mtoto kasimama, mikono nyuma.
“Jana Baba alitusomea mpango wake,” akaanza.
Nikakohoa.
“Hapo ndipo tunatakiwa kunyamaza,” akamweleza mgeni, na akaendelea.
Hakuruka kitu. Dada yake kamsahihisha mara moja, kuhusu mito. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkaguzi akapangusa macho kwa leso. Kisha akaitazama michoro ya konokono, akauliza mengi, wakamjibu yote, wakamsomea na shairi. Akasema hajapata kusikia mtoto wa miaka saba akisimulia kwa mpangilio namna ile. Akaandika kibali palepale. Wanabaki! Nimewabeba wote wawili kwa pamoja. Mkubwa ni mzito.

Jumamosi, 9 Machi
Raha tupu nyumbani. Mke wangu anaimba kwenye cherehani. Bila mpango wangu, Kasuku angesimulia nini? Ila nimekisoma kibali kwa utulivu. “Mwalimu: mama. Baba asiachwe peke yake na wanafunzi.” Mkaguzi kapitiwa, maskini, kachanganya mama na baba. Nimemsahihishia mwenyewe kwa kalamu. Mwandiko wake nimeuiga barabara. Nimewaonyesha mabinti tu.