Muswada Wangu na Mablanketi ya Dada

Jumatatu, 3 Juni

Baraza zima tumekaa asubuhi kujadili nguo za nchi jirani. Zinaingia kwa bei ya kutupa, na kiwanda chetu kinakata roho. Waziri wangu anataka mazungumzo. Mimi, naibu wake, nataka sheria. Marufuku, basi! Muswada nimeuandika mwenyewe, kurasa arobaini. Nikasema mazungumzo ni kupoteza muda. Waziri akasema naibu apunguze jazba. Mbele ya watu! Mkuu wa serikali akaamua: wageni waje Jumatano tuzungumze, yakivunjika, muswada wangu unaingia bungeni.

Yakivunjika. Neno tamu hilo.

Jioni dada yangu mkubwa akapiga simu. Ndiye aliyenilea, na yuko kwenye mashine ya mablanketi pale kiwandani tangu mimi navaa kaptura. Wameambiwa mwisho wa mwezi kiwanda kinafungwa. Akaniuliza, mdogo wangu, mnafanya nini huko? Nikamwambia atulie, sheria inakuja. Nilipokata simu nikaufungua tena muswada.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Watu wakikosa raha, mazungumzo yanavunjika yenyewe. Nimemwita fundi wa viyoyozi, nikamwambia kesho ukumbi wa mikutano uwe baridi mpaka mwisho, halafu aondoke na rimoti. Akauliza, mpaka mwisho kabisa? Mpaka mwisho kabisa. Akanitazama kama mgonjwa. Lakini wageni wametoka kwenye joto. Kabla ya saa sita watakuwa wanaulizia ndege.

Pia kiwanda kimeniletea mablanketi kumi na mawili kati ya yale yaliyokosa mnunuzi. Nitayamwaga mbele ya wabunge, walie! Kwa sasa yamejaa ofisini kwangu. Mama wa chai amegomba kwamba hana pa kupita na trei.

Jumatano, 5 Juni

Nilisahau jambo moja. Na mimi nilitakiwa kukaa mle ukumbini.

Na itifaki ni itifaki. Kiti cha naibu kiko ukutani, chini ya kiyoyozi. Upepo wote utosini mwangu! Kulalamika hakuna, maana kwenye meza ya mazungumzo anayelalamika kwanza ameonyesha udhaifu. Waziri, meno yakigongana, akasema ukumbi wetu una hewa nzuri. Kiongozi wa wageni, tuliyempachika jina la Mama Miwani, akajibu kweli, inaburudisha. Kila mtu akafunga vifungo vya koti kimya kimya. Saa nne pua yangu siisikii. Lakini moyoni nacheka, wataondoka tu hawa.

Akaingia mama wa chai. Akatutazama, akashika kiuno, akauliza tumekuja kuzungumza au kugandishwa kama samaki. Akatoka. Akarudi na mablanketi yangu! Ushahidi wangu wa bungeni! Akamfunika kila mtu mabegani, wageni kwanza. Yalikuwa kumi na mawili, sisi kumi na watatu. Aliyekosa ni nani? Mimi, jamani!

Hakuna aliyeondoka. Walijikunyata, wakaomba chai nyingine, wakaanza kusimuliana habari za wajukuu.

Alhamisi, 6 Juni

Mafua. Fundi hapokei simu, rimoti anayo yeye.

Mama Miwani alishinda anapapasa blanketi. Mwishowe akauliza limefumwa wapi. Akasema viwanda vya kwao vinatoa vitambaa vyepesi tu, na watu wao wa milimani wanatetemeka kila mwaka. Waziri akasema sisi tunayo, mnunuzi ndiye hatuna. Wakatazamana. Mchana haujaisha, wamekubaliana: wao watapunguza nguo wanazotuletea, na watachukua mablanketi yetu. Picha ikapigwa, wote wamejifunika. Mimi sionekani. Nilikuwa nimeinama, napiga chafya.

Ijumaa, 7 Juni

Muswada umeondolewa. Kurasa arobaini!

Waziri kanipongeza kwa wazo la kuleta mablanketi. Nikamwambia ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo.

Dada kapiga simu analia. Kiwanda hakifungwi. Akasema nimfikishie Waziri shukrani zake. Waziri! Mtu aliyekaa tu amejifunika! Nilitaka kumweleza nani kahangaika, sauti ikagoma kwa mafua. Akaniuliza nani kaniacha nipigwe na baridi. Nikapiga chafya. Ila machozi yalinitoka, tena ya furaha. Dada yangu ana kazi!

Jumatatu, 10 Juni

Bado niko kitandani. Dereva wa kiwanda kaniletea blanketi, kaniambia dada kalifuma mwenyewe, kubwa kuliko yote. Kaagiza nijifunike, nilale, niache kuhangaika na watu. Nimejifunika mpaka kidevuni. Lina joto, dada wa watu.

Nimelala humo nikatafakari, nikaelewa. Mpango wangu ulikuwa sahihi kabisa! Kosa lilikuwa baridi. Mwezi ujao wanakuja jirani wa upande wa pili kwa mgogoro wa viatu. Waziri anataka tena mazungumzo. Mimi nimeshaanza muswada, na nimempigia fundi kumuuliza kama mashine ile inaweza kutoa joto.

Kasema inaweza. Akauliza, mpaka mwisho kabisa?

Mpaka mwisho kabisa.