Kuku Wangu Wasivishwe Manyoya ya Wifi

Kwako Ndugu Katibu wa Chama cha Wafugaji wa Kuku,

Pokea salamu, ingawa umenizuia kuuza mayai na wanangu wanakula kwa mayai hayo.

Mlipotuletea programu yenu ya kutambua kuku wagonjwa mliahidi kwamba kila simu itajifunza bandani kwake, kwa picha, sauti na joto. Picha na sauti zetu zisitoke nyumbani. Yasafiri mafunzo tu, myachanganye huko, sote turudishiwe akili moja. Nikaona sawa, penye wengi hapaharibiki neno. Limeharibika:

1. Jogoo aliidonoa kamera yangu ikafa. Sauti na joto vipo. Badala ya kukiri kwamba haijawaona kuku wangu, mashine inawakisia sura kwa mafunzo ya banda linalosikika kama langu. Ndilo la wifi yangu, nyuma ya ukuta, mwenye kuku wagonjwa, na wangu wakaandikwa wagonjwa, mayai yakafungiwa. Eti wanalia sawa! Kuku gani halii kama kuku?

2. Kwa kuwa sina picha, mafunzo yangu mnayahesabu nusu. Hii ni dhuluma. Chama kizima kimejifunza kikohozi cha kuku kutoka bandani kwangu, tena kikohozi safi, asubuhi na jioni.

3. Mume wangu yuko mbali kikazi. Sauti yake naipata kwa simu, sura sina. Kwa hesabu yenu nijaziwe ya mume wa wifi, yule anayelala na soksi? Nakataa mapema, kabla hajaletwa.

4. Kisichoonekana kiandikwe hakijaonekana, mashine iamue kwa kilichopo. Mayai yangu yafunguliwe. Wifi ahamishwe mtaa, na ukuta wake auchukue.

Nisalimie mweka hazina, daktari wa mifugo, mkeo, na yeyote mwenye kuku wazima.

Ni mimi mwanachama wenu niliyeonewa,
Mama Mitetea

Nyongeza: Nikiwa natafuta bahasha, wifi ameingia na fundi, kamera imepona. Tumetazama picha pamoja. Kuku wangu wamevimba macho, jogoo hafungui hata moja. Wa wifi, ukiwalinganisha, ni maharusi. Naanza kushuku mafua yaliruka ukuta kutoka huku. Wifi hakunicheka. Amesema tu, "Mficha maradhi kifo humuumbua," akainama kuwapa kuku wangu dawa ya wake, nami aibu imenijaa. Naomba daktari aje leo hii. Ila mpaka afike, tafadhali, mashine iendelee kunikisia.