Alama ya nyati kisogoni siku ya ukweni

Leo nimeaibika, na kisogo bado ni chekundu ninavyoandika.

Mnajua mimi ni afisa mifugo hapa Kibondo. Mwezi huu tumepokea wanafunzi wa udaktari wa wanyama kutoka Uholanzi, wamekuja kujifunza kazi ya wanyamapori kwa vitendo. Kesho wanaingia porini kuwalaza nyati kwa sindano ya usingizi na kuwatibu. Leo asubuhi yalikuwa mazoezi, na nyati hatukuwa naye. Nikajitolea. (Hakuna aliyeniomba.)

"Fanyeni kila kitu kama kweli," nikawaambia, nikalala kifudifudi kwenye nyasi.

Wakafanya. Kitambaa machoni, pamba masikioni, maji kichwani ili nyati asizidiwe na joto. Kisha nikasikia ubaridi mwingine kisogoni. Nikajua ni maji tu. Nilikuwa na kipara kipya, nimenyoa jana, maana mchana nilikuwa nakwenda Kasulu kujitambulisha kwao mchumba wangu Neema. Baba yake ndiye wa kukubali au kukataa.

Wanafunzi nao walikuwa wanakwenda Kasulu sokoni, wakanipa lifti. Nikakaa mbele, wao nyuma. Njia nzima wanacheka. Nikadhani wanafurahia milima, nikawaonyesha mingine.

Neema alishanifundisha salamu ya kwao Buha: unainama, unapiga makofi taratibu, huinui kichwa mpaka mkubwa amalize kuitikia. Mimi mtu wa Tanga nimejifunza wiki nzima mbele ya kioo. (Kioo kinaonyesha uso tu.)

Nikaanza na baba. Nikainama mpaka kidevu kikagusa kifua. Akaitikia kwa kusitasita. Nikahamia kwa shangazi mkubwa. Akakohoa. Shangazi wa pili akawaita waliokuwa jikoni. Nikasema moyoni, hawa hawajapata kuona mkwe mwenye adabu hivi. Nikainama zaidi.

Neema akanivuta shati. "Inuka basi."

"Bado shangazi mdogo," nikanong'ona.

"Mwacheni," akasema shangazi mdogo, "bado tunamsoma."

Baba ndipo akauliza, "Mwanangu, hiyo X ni ya nini?"

"X ipi, baba?"

Neema akanipiga picha kwa simu, akanionyesha. X nyekundu, sikio hadi sikio. Ndiyo alama ya nyati aliyekwisha kuhudumiwa, asije akapigwa sindano mara ya pili. (Niliwafundisha mwenyewe, tena kwa msisitizo.)

Nikaeleza yote.

"Kwa hiyo wazungu walidhani wewe ni nyati?" akauliza shangazi mkubwa.

"Hapana, shangazi. Nilijitolea."

Hilo halikunisaidia.

Aliyekuwa hacheki ni baba peke yake. Akanishika mkono, akanitoa nje hadi kwenye duka lake lililo kando ya barabara. Ukutani palikuwa na X nyekundu, ile wanayoweka watu wa barabara kwenye majengo ya kubomolewa. Akaitazama yake. Akanigeuza, akaitazama yangu. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

"Mwambie baba yako aje tuzungumze," akasema, akifuta machozi. "Ila awahi. Katapila likija, sijui litaanza na duka au na wewe."

Wakati wa kurudi nikamuuliza Hanna, kiongozi wa wanafunzi, kwa nini hakuniambia. Akashangaa kweli. "Si ulisema kila kitu?"

Basi nimekubaliwa. Rangi haijakubali kutoka, si kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Mnaocheka, malizeni leo. Harusini nitavaa kofia.