Alama Nyekundu Ukutani

Kipimo alipomwona mwenye nyumba mmoja akilia chini ya ukuta uliochorwa alama nyekundu ya X, ile ya nyumba za kubomolewa, hakumwonea huruma. Alimwonea wivu aliyeichora. Kopo moja tu la rangi, na mtu mzima analia mchana kweupe! Siku hiyohiyo akanunua kopo lake.

Msimfikirie vibaya. Shida yake ilikuwa halali kabisa. Baba mkwe alikuwa amemrudisha binti yake nyumbani, akisema hakumzaa alale sakafuni kwa mwanamume mwenye ulimi mrefu na nyumba tupu. "Ukipata kitanda, godoro na friji, njoo umchukue," mzee alisema, akafunga mlango. Na Kipimo alimpenda mkewe. Tangu aondoke, hata chai ilikuwa haipandi.

Basi akavaa kizibao cha kung'aa na kofia ngumu, akaingia mtaa wa maduka akiwa mhandisi wa jiji. Akavuta futi kutoka kwenye benchi la seremala hadi ukutani, akaguna, akachora X.

"Mheshimiwa, kulikoni?" seremala akauliza, randa mkononi.

"Barabara inapanuliwa. Wewe umo ndani."

"Na huyu jirani wa magodoro?"

"Huyo kanusurika."

Hapo Kipimo akajifunza jambo. Seremala hakuomba alama ifutwe. Aliomba ihamishiwe kwa jirani. "Si unaipindisha kidogo tu, Mheshimiwa?" Na kwa huko kupindisha akatoa kitanda kipya, sita kwa sita. Muuza magodoro alipoikuta X kwake, akatoa godoro ili iende kwa muuza friji. Muuza friji naye akatoa friji ili irudi kwa seremala. Barabara ya Kipimo ikawa na kona nyingi kuliko utumbo wa mbuzi, na hakuna aliyeshangaa.

Alikuwa akiichora tena kwa seremala alipomwona mama mmoja wa makamo, kandambili miguuni na mwavuli kwapani, akimtazama.

"Mwanangu, unachapa kazi."

"Tunajitahidi, mama. Ndio utumishi wa umma."

"Na mizigo yako utaibebaje?"

Kipimo akageuka kukitazama kitanda, godoro na friji. Mama akamsogelea, akamnong'oneza kwamba ana watu wake karakana ya jiji, lori la bure si tatizo. Alitaka jambo moja tu. "Waambie kila aliyejenga baraza juu ya mfereji wa maji ya mvua alibomoe mwenyewe, kesho kabla ya adhuhuri. Akibomoa, alama hairudi kwake tena."

"Wewe unapata nini hapo?"

"Mfereji ukiziba, mvua ikinyesha, maji yananiletea balaa kazini."

Kipimo hakuona hasara. Akatangaza. Mabaraza ambayo jiji lilikuwa limeyasihi na kuyatishia miaka nenda miaka rudi yalibomolewa na wenyewe kabla jua halijakuwa kali. Seremala alibomoa lake huku akiimba.

Lori likaja, mizigo ikapakiwa. Kipimo akakaa kando ya dereva, akachana nywele, akawa anafanyia mazoezi maneno ya kumwambia baba mkwe.

"Hapo pinda kulia," akasema.

Dereva akapinda kushoto. Geti la karakana likafungwa nyuma yao, na mbele akasimama yule mama, sasa amevaa kofia ngumu iliyochubuka kila upande. Mafundi wote wakaacha kazi.

"Shikamoo, Mhandisi Mkuu!"

"Marahaba." Akamgeukia Kipimo. "Mwanangu, barabara hupimwa kuanzia katikati yake, si kwenye benchi la seremala. Nilikujua siku ileile ya kwanza."

"Sasa mbona ukaniacha?"

"Mfereji ule umenisumbua maisha yangu yote ya kazi, na mwisho wa mwezi nastaafu. Mimi nikisema ukweli, wananiambia njoo kesho. Wewe ukisema uongo, wanabomoa. Ningekukamataje hujamaliza?" Akaegemea mwavuli. "Haya. Polisi au koleo?"

Kipimo akachagua koleo.

Mizigo ikarudishwa kwa wenyewe. Kipimo akashinda ndani ya mfereji, tope hadi magotini, roho ikimuuma kila akikiona kile kitanda dukani. Mvua kubwa ilipokuja, maji yakapita zake mferejini na hakuna duka lililolowa. Wenye maduka wakafurahi mno, wakamwandalia Mhandisi Mkuu sherehe ya kumuaga. Seremala na wenzake wawili wakatafuta zawadi, na kila mmoja akatoa ile iliyokuwa imekwisha kufungwa vizuri tayari kwa safari.

Mhandisi Mkuu alihutubia. Alisema katika utumishi wake wote hajawahi kupokea zawadi ya mtu hata moja. Kwa hiyo akazipokea zote tatu.

Wa kuzisukuma kwenye mkokoteni alikuwa Kipimo. Njia ilipita mlangoni kwa baba mkwe, na Kipimo akainamisha kichwa asionekane, lakini wapi!

"Baba! Njoo uone!" Mkewe akatoka mbio, akapiga vigelegele, akamfuata nyuma akicheza mtaa mzima, hadi mkokoteni uliposimama kwenye nyumba asiyoijua na godoro likaanza kuingizwa ndani.

Vigelegele vikakatika.

"Kwani hiki kitanda si chetu?"

Kipimo akafuta jasho. Aibu ilimjaa hadi masikioni, na hakuna uongo uliomjia.

"Kilikuwa," akasema. "Hebu nishikie upande wa miguuni."

Mkewe akamtazama, akatazama tope lililokauka kwenye suruali yake. Kisha akajifunga kibwebwe, akashika.