Mtoto wa Kukimbilia Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi
Mtayarishaji wa tamthilia kanirudishia hati. Anasema watoto ninaowaandika wanaongea kama mahakimu wastaafu. Akauliza kama nimewahi kukaa na mtoto. Nikamjibu niliwahi kuwa mmoja. Hakucheka. Ijumaa anataka tukio la baba anayerudi nyumbani baada ya safari ndefu, la sivyo kazi anapewa mwandishi mwenzangu, yule niliyembandika jina Kalamu Tamu. Nimemwomba dada aniachie binti yake wa miaka saba kwa siku tatu. Nimesema nina hamu naye. Dada alikubali upesi mno.

Jumanne, 4 Machi
Mpwa kafika. Nikatoka na sanduku, nikasimama kwenye ngazi dakika kumi, nikaingia nimefungua mikono. Kwenye televisheni, hapo mtoto hutupa mwanasesere na kukimbia. Huyu hakuinua hata kichwa. Akauliza kama nimeleta biskuti. Mlango ulikuwa wazi. Jirani akapita, akaniona na mikono yangu hewani, akanipa pole.

Jumatano, 5 Machi
Kikao saa nne. Viatu havionekani. Nimetafuta uvunguni, nyuma ya friji, hadi ndani ya oveni. Mpwa ananitazama tu, ametulia tuli. Nikaenda na ndala. Kalamu Tamu aliziona kabla ya kuniona mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Dada kaja kumchukua. Nikamweleza mkasa wa viatu. Akaenda moja kwa moja kwenye kapu la nguo chafu, akavitoa. Kumbe shemeji, dereva wa lori, hufichiwa vyake kila anapotaka kusafiri. Nikamuuliza mpwa kwa nini.
"Mtu hasafiri peku, Mjomba."
Nikakaa kitako. Walipoondoka nikarudi mezani. Nani atalia kwa sababu ya viatu? Nimeandika mtoto anayekimbilia mlangoni, mwendo wa polepole. Nimeongeza mvua.

Ijumaa, 7 Machi
Mtayarishaji kasoma, kapiga miayo. Akauliza siku zote hizo niliona nini. Nikasema hakuna cha maana, mtoto mwenyewe kazi yake kuficha viatu vya watu ili wasiondoke. Kalamu Tamu akaanza kuandika haraka haraka. Kazi kapewa yeye.

Kosa langu nimelijua: mtoto mmoja hatoshi. Nimempigia kaka aniazime mapacha wake. Wana miaka tisa, wanashika maelekezo. Jumatatu naanza kuwafundisha kulia.