Karai la Harusi na Ubao Uliopungua

Jumatatu, 4 Septemba

Hapa mjini Margilan hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Siandiki kwa kiburi, naandika kwa ushahidi. Wengine huzaliwa na meno. Mimi Ergash, fundi seremala, nilizaliwa na bahati. Leo, kabla hata chai haijapoa, nimepata kware wa kuimba! Aina ile ambayo wazee wa sokoni huifungia kwenye tundu la kibuyu na kukataa kuionyesha hata kwa shemeji. Na nimempata kwa nini? Kwa ubao. Ubao mmoja tu wa mforsadi!

Ubao ulikuwa wa kaka yangu Hoshim, kweli. Jumapili anamwoza mwanawe wa kwanza, na pilau ya alfajiri itapikwa kwenye karai kuu la mtaa, lile ambalo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Mfuniko wake wa zamani umeoza. Hoshim kaniletea mbao niunde mpya. Zilikuwa zinatosha mdomo wa karai sawasawa, zikipangwa bega kwa bega. Sasa umepungua mmoja, ule mpana.

Je, nina wasiwasi? Mimi? Seremala anayehitaji mbao zote si seremala, ni mchukuzi.

Kware hajaimba bado. Anatafakari.

Jumanne, 5 Septemba

Nimepata! Nimechora mdomo wa karai uani kwa chaki, nikakaa nikautazama, nikaona jambo ambalo maseremala wote tangu enzi hawajaliona. Ukipanga mbao bega kwa bega, zile za pembeni zinafanya kazi gani? Zinafunika kipande kama kucha, halafu ncha zote mbili ziko nje zinaota jua. Uvivu mtupu! Ubao wa katikati ndio unaofanya kazi mwanzo hadi mwisho. Basi kila ubao upite katikati! Zipishane kama spoku za baiskeli. Hakuna wa kulala.

Nikiwa bado najipongeza, akaingia Oydin, binti wa Hoshim, ameniletea mkate wa moto. Mtoto huyu amemaliza hisabati chuoni Fergana, na Tashkent wamempa nafasi ya shahada ya pili. Anatakiwa kuwajibu Jumatatu ijayo. Baba yake hataki. Anasema hisabati yao haijapata kumwambia mtu kitu cha kutumia. Abaki afundishe shule ya hapa mtaani. Nimemwahidi Oydin kwamba nitamsemea. Mdomo wangu unajulikana.

Akatazama chaki, akatazama mbao. Akasema, Baba mdogo, hilo haliwezekani. Uzigeuze upendavyo, uzipishanishe upendavyo. Ukijumlisha upana wake ukawa pungufu ya upana wa mdomo, pengo litabaki tu. Imeshathibitishwa.

Nikamuuliza imethibitishwa na nani. Watu wa mbali, zamani. Walikuwa na mbao zangu? Hawakuwa nazo. Basi!

Jumatano, 6 Septemba

Nimemsemea. Sielewi ilivyotokea.

Nilianza vizuri. Nilikwenda kwenye kibanda cha Hoshim sokoni, nikasifu zabibu zake, nikasifu lozi, nikamsifu bwana harusi, nikasifu hata mizani yake ya zamani, aliyoirithi kwa baba na anayoiamini kuliko ndugu zake. Kisha nikasema binti yako ana akili za kutisha, anadai hata mimi siwezi kulifunika karai kwa mbao pungufu. Nilikusudia acheke.

Hakucheka. Akauliza mbao zimepunguaje. Nikamwambia nimekuokolea ubao mmoja, kaka, shukrani baadaye. Akanitazama kama lozi iliyooza. Kisha akasema vizuri, karai liamue. Nikilifunika Jumapili kwa mbao hizohizo bila pengo, basi hisabati ni upepo na Oydin anabaki. Pengo likibaki, anakwenda Tashkent, na yeye Hoshim atambebea sanduku kwa mikono yake.

Hapo mwenye busara angesema, kaka, hebu tuzungumze. Mimi nikasema, "Lete mkate!" Tukauinua mkate juu ya vichwa vyetu tukaapa, soko zima likishuhudia. Kiapo cha mkate hakivunjwi. Bibi yetu alisema anayekivunja hupofuka. Nilikuwa nimeshafika njia panda ya wauza hariri nilipotambua nimeapa upande gani.

Nikamweleza Oydin, macho chini. Akasema, basi jitahidi, Baba mdogo. Jitahidi kwa nguvu zako zote, baba asije akasema ulinihurumia. Hakuonekana kuwa na hofu hata chembe.

Nimeudhika kidogo.

Alhamisi, 7 Septemba

Spoku: katikati mbao zimerundikana kama chapati, ukingoni mapengo kama kinywa cha mtoto anayebadili meno. Si kitu. Nikajaribu pembetatu. Nikajaribu nyota. Nikajaribu kuzisuka kama mkeka. Oydin amekaa kwenye benchi na zabibu mkononi. Kila ninapomaliza anainuka, anadondosha zabibu moja. Tak! Imepita, imetua kwenye chaki. Anarudi kukaa.

Zabibu zote kala kware. Hajaimba.

Mchana Oydin akachoka kunihurumia. Akaleta tikiti la duara kama mpira, akalikata nusu, akalilaza kifudifudi juu ya sinia. Akasema uso uliolala chini ndio mdomo wa karai. Kila ubao ni kipande kinachokatwa kwa kisu kilichosimama wima. Akakata kipande katikati na kipande pembeni, unene uleule. Akaniuliza kipi kina ganda zaidi.

Nikacheka sana! Cha katikati, mwanangu, kipana kama mlango. Hicho cha pembeni ni kikofia tu.

Akayamenya maganda yote mawili kwa wembamba mmoja, akaenda kuleta mizani ya baba yake. Hoshim mwenyewe akaja nyuma ya mizani, maana haiachi itembee peke yake. Ganda la katikati: mshale ukasimama. Ganda la pembeni: mshale ukasimama palepale! Nikaupuliza. Palepale. Kipande cha katikati ni kikubwa kwa nyama, lakini ganda lake ni utepe mwembamba. Cha pembeni karibu chote ni ganda.

Kwa hiyo, akasema, ubao unachuma ganda kwa kadiri ya upana wake tu, popote uuwekapo, vyovyote uugeuzavyo. Unataka ganda lote? Leta upana wote. Ukizipishanisha, mbao zinagombania ganda lilelile, na kwingine kunabaki wazi.

Hoshim aliitazama mizani muda mrefu. Hajapata kubishana nayo maishani. Mwishowe akasema tikiti si karai, akaikumbatia akaondoka.

Nami nikasema hivyohivyo. Tikiti si karai! Kisha nikala ushahidi wote.

Ijumaa, 8 Septemba

Wazo limenijia msikitini, kwa hiyo lina baraka. Wingi! Mbao zangu hazitoshi kwa sababu ni chache. Nikipasua kila ubao katikati, nitakuwa na maradufu! Nimekata hadi mkono umekufa ganzi. Lundo la vibao, furaha tupu. Nikavipanga juu ya chaki.

Pengo limekuwa kubwa zaidi!

Oydin alinionyesha ardhi kwa kidole. Unga wa mbao, chungu nzima. Upana wangu wote umeliwa na msumeno.

Nikaenda kwa Mamasoli, mpishi wa harusi zote za mtaa huu, nikamwomba kwa upole atumie karai dogo. Akaniuliza kama nimeshamwomba bwana harusi aoe nusu mke. Akaongeza kwamba mvuke ukitoka, wali utakuwa changarawe, na hakuna atakayesema Ergash kafunika vibaya, watasema Mamasoli kazeeka. "Ukiniaibisha, fundi, nitakuketisha wewe juu ya hilo karai. Una upana wa kutosha."

Nikishinda, mtoto anabaki hapa akisahihisha madaftari na akili yake inaota kutu kama msumari wa nje. Nikishindwa, mimi ni kichekesho hadi harusi ya wajukuu. Nimejikuta naomba Mungu nishindwe. Kisha nikaomba nisishindwe. Nimemwachia kazi.

Jumamosi, 9 Septemba

Wanaume wote wamekusanyika kwa Hoshim kukata karoti za pilau. Masikio yangu yamekatwa pamoja nazo. Mmoja kaniuliza kama ni kweli ninaweza kuwafunika watu wawili kwa blanketi la mmoja. Mwingine anataka nimshonee suruali ya mguu mmoja na nusu. Nimewajibu kwamba hata ndege wa kwanza kuruka alichekwa na kuku.

Nilikwenda na kware ili nionekane mtu wa maana. Mamasoli akamgeuza, akampuliza manyoya ya kifuani. "Huyu jike. Majike hawaimbi, Ergash." Nimemwambia apike pilau, ndege aniachie mimi.

Jumapili, 10 Septemba

Alfajiri. Tarumbeta ndefu zinalia, wageni wanaingia, na Mamasoli amekusanya wali katikati ya karai kama kilima. Akaniita mbele ya watu: haya, fundi, lete gurudumu lako.

Nikalifunika karai kwa vibao, vimepishana kama spoku. Kwa pumzi moja gurudumu lilikuwa zuri kuliko vyote nilivyowahi kuunda. Kisha mvuke ukatoka. Hapa. Pale. Na kule! Nikavua kofia nikaziba. Nikavua joho nikaziba. Mamasoli akapiga kelele kwamba yeye anapika pilau, hachemshi nguo. Nikalalia pengo kwa tumbo. Nimeungua tumbo.

Ndipo Oydin akatokea kwenye lango la wanawake, mikono imejaa unga. Angeweza kusimama tu na kutazama. Pilau ingeharibika, mtaa mzima ungeliona pengo, naye angekuwa keshashinda. Badala yake akaja mbio. "Baba mdogo, ziondoe! Zipange bega kwa bega, zote, zibanane. Pengo liwe moja, ulisukume ukingoni kabisa, kule mdomo unakoishia!"

Nikapanga, mimi upande huu, yeye upande ule. Na kweli! Mapengo yote yakakusanyika yakawa moja dogo pembeni, kama mwezi mwandamo, mbali na kilima cha wali. Akachukua sinia la mikate, akalifunika. Mvuke ukatulia. Mamasoli akaketi chini akafuta jasho, akasema jina la Mungu na kisha jina langu, kwa sauti mbili tofauti.

Hoshim alikuja wageni walipokuwa wakinawa. Alikuwa ameliona sinia. Akaliinua. Mvuke ukampiga usoni, ndevu zikadondosha maji. Tulikuwa sisi wanne tu pale. Angelirudisha sinia na kusema mfuniko umetimia, nani angembishia baba wa bwana harusi?

"Pengo lipo," akasema.

Kisha akamwambia Oydin kwamba angeiacha tu pilau iharibike, watu wote wangejua ameshinda. Oydin akajibu, "Harusi ni ya kaka yangu, baba."

Hoshim akalirudisha sinia polepole, kama anayemfunika mtoto. Akamuuliza hilo sanduku lake ni kubwa kiasi gani.

Pilau ilikuwa punje mojamoja, ya kuhesabika. Nimewaeleza wageni kwamba wazo la sinia lilikuwa langu.

Jumanne, 12 Septemba

Oydin ameondoka jana kwa treni. Hoshim alibeba sanduku mwenyewe hadi ndani ya behewa, akakataa kusaidiwa, akalipandisha behewa lisilo la Oydin, akashuka akaanza upya. Treni ilipotoka alibaki anapunga mkono kwenye reli tupu. Mimi sikulia. Stesheni ile ina vumbi.

Mtaani nimefafanua hesabu ilivyo. Ningelifunika karai, angebaki. Sikulifunika, ameenda. Sasa nani amempeleka Tashkent? Wanakubali kwa kichwa, hasa wale walio na haraka.

Na jambo jipya! Rahmatilla, dereva wa lori, anapeleka matikiti Tashkent, analalamika kwamba anabeba hewa kuliko matunda. Nikamwambia umempata mtu. Nitakupakilia lori hilo sehemu tisa tikiti, sehemu moja hewa. Siri iko kwenye kupanga. Nimempigia Oydin simu kumpa habari njema. Akacheka mpaka mwenzake wa chumbani akauliza kuna nini. Akasema vitu vya duara vyenye ukubwa mmoja, uvipange upendavyo, robo ya nafasi na ushei itabaki hewa tu. Imeshathibitishwa, Baba mdogo.

Nikamuuliza na nani. Watu wa mbali tena! Wamewahi kupakia tikiti? Hawajawahi. Basi!

Tumeshaapa, mimi na Rahmatilla, mkate juu ya vichwa. Lori linakuja kesho.

Kuhusu ile bahati niliyojiandikia siku ya kwanza: ulikuwa uongo. Sina bahati, wala sijapata kuwa nayo: kware ni jike, ubao umekwenda, na pilau iliokolewa na Oydin.