Robo Tatu Chini ya Sifuri

Jumatano, 1 Oktoba

Nahodha! Mimi, Khamphet, nahodha wa mashua ya mashindano ya mtaa wa chini, wapiga makasia arobaini! Shemeji Bounleuth wa mtaa wa juu ametushinda miaka mitano mfululizo, na hunikumbusha kila tukila kwa mama mkwe. Mwaka huu atanyamaza.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mto umepungua. Mwalimu Vilaykone kapima maji, kaandika ubaoni kwa mita, akianzia alama ya sifuri, yaani kimo cha maji cha kila mwaka. Njia ya kushoto: −1/2. Ya kulia: −3/4. Mimi na Bounleuth tukapiga kura nani achague njia kwanza. Nikashinda! Nusu na robo tatu, ipi kubwa? Hata kuku anajua. Nikachukua ya kulia, yenye maji mengi. Bounleuth akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, "Shemeji, hesabu haziko kwenye ukoo wenu." Akacheka mpaka akakaa chini. Sijui kilichomchekesha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Aibu! Tulipiga makasia kumi tu, mashua ikalala topeni kama nyati aliyeshiba. Bounleuth akapita akipunga mkono. Wanawake ukingoni wakatunga wimbo wenye jina langu. Mwimbishaji: mke wangu, Sengdao.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimekwenda kwa Mwalimu kulalamika kwamba ubao ulinidanganya. Akachora mstari, sifuri katikati. Akasema chini ya sifuri, kadiri tarakimu inavyokua ndivyo maji yanavyozidi kupungua. Kwa nini hakuniambia? Akasema kile kijistari mbele ya namba ndicho kilichosema. Mimi nilidhani chaki imeteleza.

Akanifundisha pia kulinganisha sehemu: namba za chini zifanane kwanza, ndipo uangalie za juu. Kichwa kinagonga. Lakini nimeelewa: kubwa ndiyo ndogo.

Jumanne, 7 Oktoba

Karamu. Nyati mzima! Mwalimu akamwomba mkuu wa kijiji anipe nafasi nijisafishe mbele za watu. Mkuu akasema mtaa wetu uchague: 2/7 ya nyama au 3/5. Inayobaki, ya mtaa wa juu.

Nikachora ardhini kwa kijiti. Namba za chini zote thelathini na tano. Ya kwanza, 10/35. Ya pili, 21/35. Sawasawa! Mwalimu akanipigia makofi.

Ishirini na moja ndiyo kubwa. Kwa hiyo ndiyo ndogo! Sidanganyiki mara mbili. Nikachukua 2/7.

Mkuu akaniuliza mara tatu. Mwalimu akafunika uso kwa viganja, nadhani kwa furaha. Bounleuth akanikumbatia, akaniita shemeji wa dhahabu. Masikini, hakujua amepunjwa.

Wapiga makasia wangu hawasemi nami. Watakuwa bado wanaona haya ya lile tope. Sengdao kabeba kikapu chake cha wali wa kunata, kaenda kula na mtaa wa juu. Namhurumia. Hesabu zinataka kichwa.